Jaribio Lililoitwa Mwongo

Tima Mahmood alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna duka la dawa Kilifi lingeweza kuutibu: hakuweza kuona kitu kimeandikwa akakipita. Karatasi iliyofungiwa bajia ataikunjua na mafuta yake aisome. Maagizo ya dawa ya mende, tangazo la mnada lililochanika katikati, kibao cha fundi cherehani aliyehama zamani, vyote alivisoma mpaka mwisho, na kama mwisho wenyewe umeraruka, atashinda siku nzima akijiuliza ulisema nini. Mamake, Bi Amal, alikuwa na mazoea ya kuwasimulia wageni kwamba mtoto huyu, akitumwa chumvi, hurudi na habari za gazeti lililofungia chumvi, na chumvi yenyewe kaiacha dukani.

Alizaliwa Takaungu na bado analala Takaungu, katika nyumba ya mamake. Alipomaliza shule alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja upande wa Kikambala. Huko ndiko ugonjwa wake ulikomfaa kwa mara ya kwanza. Kompyuta ya kuandikishia wageni ilikuwa na tabia ya kugoma, na kila ikigoma wenzake walifunga ukurasa haraka haraka, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua, kisha wakampigia fundi. Tima hakufunga. Alisoma yale maneno yaliyotokea kwenye kioo, yote, pamoja na yale yasiyofanana na lugha ya binadamu yeyote, akamsomea fundi kwa simu. Fundi akazoea kuuliza kwanza, "Yule anayesoma yuko zamu?" Baadaye ni fundi huyo huyo aliyemshauri akajifunze kupima programu, kwa sababu, alisema, watu wa kuandika programu wako tele lakini wa kusoma ni adimu. Tima akaenda Mombasa akasoma, akarudi, akapata kazi katika ofisi ndogo mjini Kilifi, juu ya duka la rangi na mabati.

Kazi yenyewe inataka maelezo kidogo, maana hata majirani zake mpaka leo wanaamini kwamba anatengeneza simu na humletea zile zilizoanguka majini. Ofisi yake ilikuwa ikiandika programu ya kuwakumbusha wazazi siku za chanjo. Mtoto anaandikishwa zahanati, nambari ya simu ya nyumbani inaingizwa, na siku moja kabla ya chanjo programu inatuma ujumbe: kesho mlete mtoto fulani. Ni kitu chepesi kukieleza, na kigumu kukifanya kisikosee. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla watu hawajafika kazini, mashine iliijaribu programu nzima yenyewe. Ilibuni akina mama wa uongo, watoto wa uongo na tarehe za uongo, ikatazama kama ujumbe unaotakiwa unatoka. Jaribio likifaulu linapata alama ya kijani, likianguka nyekundu. Na kila hatua mashine iliandika inachofanya. Maandishi hayo ndiyo wenyewe wanayoyaita logi.

Sasa, logi ya ofisi ile ilikuwa balaa. Ilikuwa ndefu hata ukiishusha kwa kidole kidole kinauma, na hakuna mtu aliyeisoma. Asubuhi wakikuta nyekundu walibonyeza kitufe cha kurudia. Ikitoka kijani wakaenda kunywa chai. Walikuwa wameizoea ile nyekundu kama nyumba inavyozoea mlango unaolia, kila mtu anausikia na hakuna anayeutia mafuta. Nami sitawalaumu sana, kwa kuwa nimeiona logi ile na ningekunywa chai vile vile.

Tima hakwenda chai. Kuna majaribio mawili yaliyomkosesha raha. Yote mawili aliyaandika Menza, mwenzake aliyetoka Kakuyuni, mtu wa makamo mwenye mke na mtoto na sauti ya polepole. Moja lilihusu mtoto wa wiki sita na jengine mtoto wa miezi tisa. Siku nyingine la wiki sita lilianguka na la miezi tisa likafaulu. Siku ya pili yake ikawa kinyume. Siku ya tatu yote yakafaulu, kama kwamba hakuna lililotokea. Na likirudiwa lile lililoanguka, peke yake, lilifaulu kila mara bila ubishi.

"Hiyo test ni muongo," alisema Mutuku, mkuu wa ofisi, mtu wa Machakos aliyekaa pwani miaka mingi bila kuacha haraka zake za bara. "Ikiwa peke yake inapita, ikiwa na wenzake inaanguka. Mimi naitoa. Zote mbili."

"Hebu ngoja kwanza," Tima alimwambia. "Hata mwongo ana sababu ya kudanganya. Mimi naitaka hiyo sababu."

"Sababu ni kwamba tumechelewa. Mwezi ujao hii kitu inaenda zahanati zote. Nikiambiwa kuna nyekundu nitasema nini? Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Usipojua, naitoa."

Mutuku hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi, na aliyeahidi hulala vibaya. Lakini Tima alijua vizuri kilichokuwa hatarini. Jaribio likishatolewa halirudi. Hakuna atakayekumbuka kwamba liliwahi kuwapo. Na kama nyuma yake kuna kosa la kweli, kosa hilo litakwenda na programu hadi kwenye zahanati, na huko hakuna alama nyekundu. Huko kuna mtoto asiyechanjwa.

Basi akaketi kuisoma logi. Akasoma, akasoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maandishi yakamshinda. Mashine ilikuwa ikiendesha majaribio mengi kwa wakati mmoja ili imalize mapema, na yote yaliandika mahali pamoja, kila moja likidakia lilipopata nafasi. Mtoto amesajiliwa. Mtoto amesajiliwa. Ujumbe umeandaliwa. Mtoto amefutwa. Ujumbe umetumwa. Mtoto yupi? Ujumbe wa nani? Mstari wa juu ulikuwa wa jaribio moja, wa chini wa jengine, na katikati mashine ilijisifu mara kwa mara kwamba imeunganishwa, bado imeunganishwa, ingali imeunganishwa. Akajaribu kutafuta neno. Ujumbe usipokwenda, Menza aliandika "haukwenda", Cherop, aliyeandika sehemu kubwa ya programu, aliandika "umerukwa", na mtu aliyekuwapo kabla yao aliandika "hapana" peke yake, bila kusema hapana ya nini. Ukitafuta neno moja, mengine yalikaa kimya. Tima akarudi nyumbani na kichwa kizito.

Jumamosi hiyo nyumbani kulikuwa na pilikapilika. Binamu yake alikuwa aolewe, na Bi Amal ndiye aliyebeba shughuli ya kualika. Kadi zilichapishwa, ndiyo, nzuri zenye maua, lakini Takaungu kadi haimwaliki mtu. Kadi ni picha ya kuweka kabatini. Asiyeendewa nyumbani kwake akaambiwa kwa mdomo hakualikwa, na hatakuja, na hatasahau. Kwa hiyo tangu asubuhi wanawake wa ukoo walikuwa wamejigawa, kila mmoja na mtaa wake, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kabla ya adhuhuri wakarudi, wakavua viatu, wakaingia ukumbini wakisema wote kwa pamoja.

"Nimewakuta."

"Mlango umefungwa."

"Yeye atakuja, bintiye ndiye hawezi."

"Hawezi ama hataki?"

"Kasusa!"

"Nani kasusa?"

"Kanuna, hakususa. Wa kule nyuma ndiye aliyesusa."

"Wa nyuma wapi? Mimi nasema wa mlango wa buluu!"

Bi Amal aliweka kikombe chake chini kwa kishindo. "Basi! Mwanipasua kichwa. Kila mtu na mtaa wake. Aanze mmoja, amalize mtaa wake wote, ndipo aseme mwengine. Na muanze na wasiokuja. Wanaokuja nitawaona kwa macho yangu siku yenyewe. Na hizo nuna na susa na sijui kakunja uso, hebu chagueni neno moja, nijue ni nani wa kwendewa tena na mtu mzima akabembelezwe."

Mmoja akaanza mtaa wake, akaumaliza. Akafuata wa pili. Na Tima, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, akacheka kwa sauti, cheko la mtu aliyeona pesa barabarani.

"Wacheka nini, we?" mamake akamuuliza.

"Mama, kazini mashine zetu zasema vivi hivi, zote pamoja."

"Basi si uziambie kama nilivyowaambia hawa! Au hazina adabu?"

Hazikuwa na adabu, na Jumatatu Tima alianza kuzitia. Kila mstari wa logi alitaka uanze na jina la jaribio lililouandika, ili hata mistari ikichanganyika iweze kutenganishwa, na akaandika programu ndogo ya kuitafuta na kuikusanya, jaribio moja mpaka liishe ndipo lifuate jengine. Yaliyoanguka akayapandisha juu kabisa, kila moja na sentensi moja ya kueleza lililotarajiwa na lililotokea. Yaliyofaulu akayaficha chini. Atakayeyataka atayafungua. Kule kujisifu kwa mashine kwamba imeunganishwa akakunyamazisha kabisa. Kazi hii ilimpendeza mno hata akasahau chakula cha mchana, na Menza akamwekea chapati juu ya meza bila kumwambia.

Kilichomtoa jasho ni neno moja. Alitaka kila mahali ambapo programu inauzuia ujumbe, logi iseme "umezuiwa", na iseme ujumbe wa nani, wa nambari gani, na kwa nini. Ilibidi aende meza kwa meza.

"Neno ni neno," Cherop alimwambia, bila kuinua macho. "Mimi nikisema 'umerukwa' si unaelewa?"

"Nikikuuliza naelewa. Nikitafuta sikupati."

Cherop akafikiri. Alikuwa mtu wa haki. Ukimpa sababu hakubishana nayo. "Na logi za zamani? Hizo utazibadilisha vipi?"

"Hizo sizigusi. Nitakiambia kile kitafutio changu kwamba hayo matatu ni kitu kimoja, kiyasome yote kama 'umezuiwa'."

"Haya basi," alisema Cherop, akalibadilisha neno lake, kisha akamsaidia kulibadilisha la yule aliyeandika "hapana".

Jumatano mashine ikafaulu kila kitu. Tima alikasirika. Ni mara chache mtu wa kazi yake kuomba nyekundu, lakini siku hiyo aliiomba, na kila alipopita, Mutuku alimtazama kwa jicho la kusema siku zinakwisha. Alhamisi asubuhi alipanda ngazi za ofisi akiwa na mkoba begani, akafungua kompyuta kabla ya kukaa, na nyekundu ikawa pale, moja tu, juu kabisa ya ukurasa: jaribio la mtoto wa miezi tisa limeanguka, ujumbe wa Kanze ulitarajiwa, haukutumwa.

Akakifungua kisa chake. Kilikuwa kifupi, hata akaona ajabu jinsi kitu kifupi hivyo kilivyoweza kujificha muda wote huo. Mtoto Kanze amesajiliwa. Siku ya chanjo imewekwa. Ujumbe umeandaliwa. Kisha: ujumbe wa Kanze umezuiwa, kwa sababu leo umeshatumwa kwa nambari hii.

"Umeshatumwa na nani?" Tima aliiuliza kompyuta kwa sauti.

Akalitafuta jina la Kanze katika logi yote ya asubuhi ile. Likatokea mahali pawili. Pa kwanza ni pale pale. Pa pili ni katika jaribio la mtoto wa wiki sita, lililofaulu, muda mchache tu kabla: ujumbe wa Kanze umetumwa. Nambari ya simu ilikuwa moja. Tima akazisoma tarakimu zake mara mbili, akazigusa kwa ncha ya kalamu kwenye kioo. Majaribio mawili yalikuwa yakipigania mtoto mmoja. Lililotangulia lilipata, lililochelewa likaambiwa umeshapewa. Na likirudiwa peke yake halikuwa na wa kushindana naye. Siku ambazo yote yalifaulu, moja lilikuwa limeshamaliza na kumfuta mtoto wake na kumbukumbu zake kabla la pili halijaanza. Halikuwa limedanganya hata mara moja.

Akawaita. Menza akaja, na Cherop, na Mutuku akiwa na kikombe mkononi. Akawaonyesha. Kwa mara ya kwanza katika ofisi ile watu wanne walisoma logi pamoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

"Menza," alisema Mutuku, "kwa nini watoto wawili umewapa jina moja?"

"Si jina moja," Menza akajibu, akishangaa kidogo. "Huyu ni Kanze wangu. Na huyu ni Kanze wa kaka yangu. Nilikuwa natafuta majina ya kuweka, nikaweka ya nyumbani."

"Na nambari moja?"

"Simu ni ya mama yangu. Yeye ndiye Kanze mwenyewe, hao wamepewa jina lake. Simu inakaa kwake, ikiita anapokea, anampa mwenye kutafutwa."

Cherop akajishika kichwa. Ile sheria ya kuzuia aliiandika yeye, na hakuiandika kwa uzembe. Zamani programu iliwahi kukwama ikamtumia mama mmoja ujumbe ule ule asubuhi nzima, mpaka akaizima simu kwa hasira. Ndipo Cherop akaandika: jina moja, nambari moja, siku moja, basi huyo ni yule yule, usimsumbue tena.

Mutuku alikuwa ameshapata nafuu usoni. "Basi rahisi! Huyu mwache awe Kanze, huyu mwite Trizah. Hazitagongana tena. Menza, badilisha, tuone kijani, tuendelee."

Na Menza, mtu mtiifu, akaketi akaweka mikono juu ya vitufe. Lingekwisha hapo, na lingekwisha kwa furaha. Kosa limeonekana, dawa imepatikana, Ijumaa bado. Tima mwenyewe alihisi uchovu wa wiki nzima ukimshuka mabegani. Lakini ule ugonjwa wake haukumwacha. Alikuwa amesoma hadi mwisho, na mwisho huo ulikuwa bado umeraruka.

"Ngoja, Menza. Huko kwenu hao Kanze wawili wapo kweli?"

"Wapo. Sasa hivi wanacheza."

"Na kwa jirani?"

Menza akacheka. "Kila boma, dada. Sisi mtoto anapewa jina la bibi au babu yake. Bibi akiwa na wana wanne waliooa, unaweza kupata wajukuu wanne wa jina lake. Unasema Kanze wa fulani, Kanze wa fulani. Wote wanajulikana."

"Na simu?"

"Simu ni moja. Ama mbili, kama yuko mtu wa kazi mjini."

Menza aliondoa mikono yake kwenye vitufe polepole. Mutuku alikunywa chai, akaona imepoa, akaiweka chini.

"Mimi na binamu yangu tuliitwa jina la babu," alisema hatimaye, na haraka zake zote zilikuwa zimemtoka. "Shule moja, darasa moja. Na mimi ndiye niliyekubali hiyo sheria." Akamgeukia Tima. "Na kule zahanati ya majaribio?"

Hapa lazima niseme kwamba programu ile ilikuwa imeshaanza kutumiwa, kwa kujaribiwa tu, katika zahanati moja ya upande wa bara, na kila mtu ofisini aliamini kwamba imefanya vizuri. Hakuna aliyelalamika. Sasa Tima aliifungua logi ya kule, ile ya zamani yenye maneno matatu kwa kitu kimoja, akakiambia kitafutio chake kitafute: umezuiwa. Wiki nzima alikuwa akilitafuta jibu hili kama mtu anayetafuta mwisho wa hadithi tamu, na sasa alitamani lisiwepo.

Mistari ikatokea. Haikuwa mingi, lakini haikuwa michache. Baadhi ilikuwa halali kabisa, ujumbe uliotaka kwenda mara mbili ukazuiwa kama alivyokusudia Cherop. Lakini mingine ilikuwa na jina moja na mama wawili.

Mutuku hakulaumu mtu. Alipiga simu akasema programu haitakwenda zahanati nyingine mwezi ujao, akasikiliza maneno makali kwa muda, akasema tena haitakwenda. Kisha akampigia muuguzi mkuu wa ile zahanati, akamweleza. Muuguzi akasema kuna watoto kadhaa waliokosa na yeye alidhani ni uzito wa akina mama. Wakati wa kuvuna huwa hivyo. Akaomba wapigiwe simu siku hiyo hiyo, naye atawangoja. Cherop akaanza kuiandika sheria yake upya, ili kila mtoto ajulikane kwa nambari ya kadi yake na si kwa jina la bibi yake, na Menza akarefusha ujumbe kidogo uwe na jina la mama. Majaribio mawili ya Kanze hakuyagusa mtu.

Simu ya kwanza akapiga Tima. Iliita sana. Ikapokewa na sauti ya mwanamke kijana, na nyuma yake mtu alikuwa akitwanga.

"Habari ya hapo. Naomba kuongea na mamake Dama."

"Dama gani? Huku tuko na Dama wawili, na bibi mwenyewe ni Dama."

"Dama wa Fridah."

Kinu kilisimama. "Ni mimi Fridah," sauti ikasema, na ilikuwa imeshuka. "Ni zahanati? Najua mnanipigia nini. Nilisahau, daktari. Mwenzangu, mke wa kaka yake mume wangu, alipata ujumbe, akaenda na Dama wake. Mimi nikasema wangu bado siku yake, kumbe ilikuwa ile ile. Wamenisema hapa mpaka nimechoka. Eti mwenzangu anajali mtoto, mimi kazi yangu kulala. Nisamehe. Nitamleta."

Tima alikuwa amejitayarishia maneno ya kikazi, yenye heshima na marefu. Yote yakampotea.

"Dada, mimi si daktari. Mimi natoka kwa wale wanaotuma ujumbe. Hukusahau. Ujumbe wako haukuja. Ulikuwa uje siku ile ile, mashine yetu ikauzuia, ikadhani Dama wako na Dama wa mwenzio ni mtoto mmoja. Kosa si lako hata kidogo. Ni letu sisi."

"Sema tena," Fridah akasema.

Tima akasema tena.

"Ngoja. Usikate." Sauti ikaenda mbali na simu, na sasa haikuwa imeshuka tena. "Mama! Mama, hebu njoo huku. Njoo, ni simu yako hii. Njoo usikie!"

Simu ikapita mkono hadi mkono. Sauti ya mtu mzima ikasema, "Haya."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wasemaje?"

Tima akamweleza kama alivyomweleza mkazamwana wake. Bibi Dama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kumbe si yeye," akasema.

"Si yeye, mama. Ni sisi. Muuguzi anamngoja mtoto leo hii."

"Kumbe si yeye," bibi akarudia, taratibu, na safari hii hakuwa akimwambia Tima.

"Weka sauti kubwa, mama," Fridah alisikika kwa nyuma. "Hapo kando, bonyeza. Na babake Dama asikie. Na mwenzangu aje." Kukawa na mkwaruzo wa vidole vikitafuta kitufe, miguu ikikaribia, mwanamume akikohoa, mtoto akiambiwa anyamaze. Kisha Fridah akaichukua simu mwenyewe.

"Haya, dada," alisema. "Wote wako hapa. Anza mwanzo."

Tima akavuta pumzi, akaanza mwanzo.